Kuwinda kulungu kwa upinde Ohio: mwongozo kwa anayeanza

Mshale hauui kama risasi. Risasi hupiga kwa kishindo, huvunja mfupa, na mara nyingi humwangusha mnyama palepale. Mshale hukata tu. Kulungu aliyepigwa mshale hufa kwa sababu mapafu au moyo wake umekatwa na damu imemtoka, na mkato ukiwa mahali pake hayo huisha ndani ya sekunde chache. Ukiwa si mahali pake, mnyama huondoka na jeraha, hutaabika usiku kucha, na pengine humpati tena. Karibu kila ninaloeleza hapa, kuanzia uzito wa upinde hadi saa za kungoja baada ya kuachia mshale, linatokana na jambo hilo moja.

Nawaandikia Waswahili wenzangu wanaoishi Ohio: Columbus, Dayton, Akron, Cincinnati na vitongoji vyake. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kuwinda ni jambo la watalii wenye fedha au la majangili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kumgusa mnyama wa porini bila kibali. Huku mambo yamekwenda njia nyingine. Kulungu wa mkia mweupe walikuwa wametoweka kabisa Ohio kufikia mwaka 1904. Wakarudishwa, wakalindwa, na leo wamo katika kaunti zote 88, wanakula soya na mahindi ya wakulima na kugongwa na magari kila vuli. Mwindaji mwenye leseni ni sehemu ya mpango wa jimbo wa kuwadhibiti, kwa hiyo ingia msituni ukiwa na amani moyoni.

Karatasi kwanza

Kabla ya kununua chochote, pita kozi ya mafunzo ya uwindaji inayotambuliwa na Idara ya Maliasili ya Ohio. Bila cheti chake hupati leseni ya kawaida. Ipo pia leseni ya mwanafunzi, inayomruhusu asiye na cheti kuwinda akiwa na mtu mzima mwenye leseni anayekaa naye karibu. Ukimpata mtu wa hivyo mwenye subira, hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Unahitaji vitu viwili tofauti: leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu. Bei ya mkazi hupewa aliyeishi Ohio miezi 6 mfululizo. Jimbo linaruhusu dume mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka, haidhuru una vibali vingapi. Idadi ya majike hutofautiana kwa kaunti na hubadilika, basi soma kanuni za mwaka huo, si za mwaka jana.

Msimu wa upinde hufunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Februari. Katikati yake kuna siku za bunduki, kubwa ikiwa wiki inayoanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani. Siku hizo hata mwenye upinde lazima avae kizibao cha rangi ya chungwa kali. Saa za kuwinda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa sheria ya shirikisho upinde si bunduki. Wenye viza za muda, wanafunzi kwa mfano, hubanwa sana katika kumiliki silaha za moto. Upinde haumo katika makatazo hayo.

Mahali pa kuwinda

Ardhi ya mtu binafsi ni nzuri kwa sababu ina utulivu, lakini sheria ya Ohio inataka ruhusa ya maandishi. Fomu yake ipo tayari, unaijaza na mwenye shamba anatia sahihi. Nenda kubisha hodi mwezi wa Julai au Agosti, mchana, ukiwa na nguo za kawaida, na usiende kundi la watu. Jitambulishe, sema unaishi wapi na unafanya kazi gani, eleza kwamba unatumia upinde tu, uliza kama kulungu wanamharibia mazao. Wakulima wengi huko mashambani hawajawahi kuzungumza na Mwafrika mlangoni pao, na salamu nzuri hufungua zaidi ya maelezo marefu. Akikataa, mshukuru, uende zako. Akikubali, funga kila geti ulilolifungua, na mwisho wa msimu mpelekee nyama.

Asiye na mwenyeji ana misitu ya umma. Msitu wa Taifa wa Wayne, kusini mashariki mwa jimbo, ni ekari zaidi ya 240,000 za vilima na mialoni. Kuna pia maeneo ya wanyamapori kama Woodbury katika kaunti ya Coshocton. Huko kutega kwa mahindi au chambo chochote ni kosa.

Upinde na mishale

Wengi wanaoanza hutumia upinde wa kompaundi, ule wenye roda pande mbili. Ukishauvuta hadi mwisho, roda hubeba sehemu kubwa ya uzito, nawe unaweza kutulia ukilenga. Kanuni ya Ohio inataka upinde ambao nguvu ya kuuvuta haipungui ratili 40. Usishindane na mtu kwa ratili. Ukiketi kitini, miguu yote miwili ikiwa hewani, unaweza kuuvuta polepole bila kuuinua juu kama unaomba mvua? Kama huwezi, uzito huo si wako. Asubuhi ya Novemba, misuli ikiwa imeganda kwa baridi, upinde huongeza uzito mkononi, na kujinyoosha kwingi ndiko kunakomkimbiza kulungu.

Urefu wa kuvuta ni muhimu kuliko ratili. Nyoosha mikono kama msalaba, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, ugawanye kwa 2.5: hapo una makadirio. Kisha nenda duka la mafundi wa upinde wakupime sawasawa na kukuchagulia mishale yenye ugumu unaolingana na upinde wako. Usinunue upinde wa mtumba mtandaoni kwa sababu tu ni rahisi. Uliolingana na mwili wa mtu mwingine utakufundisha mazoea mabaya. Na kamwe usivute ukaachia bila mshale, kwani nguvu ikikosa pa kwenda huvunja upinde, na vipande huruka usoni.

Kuna pia upinde wenye kitako kama cha bunduki. Ohio inauruhusu msimu wote, kuanzia ratili 75. Ni rahisi kujifunza na unamfaa mwenye bega bovu au mzee, ila usidhani unafika mbali kama bunduki. Sheria ya mkato na damu ni ileile.

Chembe cha mshale ndicho kinachofanya kazi, kwa hiyo usikifanyie ubahili. Kanuni inataka makali mawili au zaidi na upana usiopungua robo tatu ya inchi. Kwa anayeanza napendelea chembe kisichokunjuka, chenye makali yaliyo wazi: hakina kinachoweza kugoma. Kinyoe kipande cha karatasi. Kisipokata kwa wepesi, badilisha makali. Wazee wetu Waata wa Tsavo, kule Kenya, waliwaangusha tembo kwa pinde ndefu ngumu kuvuta, lakini walitegemea sumu ya mti iliyopakwa kwenye mshale. Sumu huku ni marufuku. Makali yako ndiyo dawa yako yote.

Mazoezi, na masafa yako halisi

Anza kiangazi. Mishale michache kila siku ni bora kuliko mingi Jumamosi moja, maana ukichoka unajifunza kukosea. Mkono utue mahali palepale shavuni kila mara, pumzi iwe nusu, na kifyatulio, kile kifaa cha mkononi kinachoshika ugwe, kibanywe polepole hadi kiachie chenyewe. Wiki za mwisho kabla ya msimu tumia chembe za kuwindia kwenye kilengwa kinachozistahimili. Nyingi haziendi sawa na chembe za mazoezi, na kama upinde haujarekebishwa, mshale utapinda bila wewe kuelewa kwa nini.

Masafa yako ni yale ambayo mishale yote, si mingi bali yote, inaingia ndani ya sahani ndogo ya chai ukiwa umevaa nguo za kuwindia, umeketi, mapigo ya moyo yakiwa juu. Kwa wengi mwaka wa kwanza ni yadi 20, yaani kama mita 18. Usione haya. Kuna sababu ya kimaumbile: mshale wa kompaundi huenda kama futi 280 kwa sekunde, sauti ya ugwe huenda zaidi ya 1,100. Kwa yadi 30 kulungu husikia mlio karibu robo sekunde kabla mshale haujafika. Akishtuka, kwanza huchutama ili apate nguvu ya kuruka, na mgongo wake hushuka. Uliyelenga mapafu unampiga uti au unapita juu kabisa. Kwa yadi 20 muda huo ni mfupi, naye hana nafasi ya kushuka sana.

Kuwasoma kulungu

Septemba na mwanzo wa Oktoba maisha yao ni tumbo. Tafuta mahali wanapokula: kingo za mashamba ya soya ambayo bado ni mabichi, na baadaye chini ya mialoni myeupe, ambayo mbegu zake ni tamu kuliko za mialoni myekundu na huliwa kwanza. Tafuta njia nyembamba zilizokanyagwa, kinyesi kibichi, nyayo kwenye tope. Katikati ya Oktoba utaanza kuona miti midogo iliyochubuliwa magome kwa pembe, na mahali majani yamekwanguliwa ardhini chini ya tawi linaloning'inia. Hizo ni alama za madume. Kilele cha kupandana ni karibu katikati ya Novemba. Wakati huo dume husahau hadhari na huweza kutembea hata adhuhuri. Ukiweza kuomba likizo wiki moja tu kwa mwaka, omba hiyo.

Usikae kwenye malisho wala malalo. Otea njia inayounganisha viwili hivyo, hasa pale ardhi inapowabana: kijito, kona ya uzio, mgongo wa kilima ulioshuka kidogo.

Halafu upepo. Unaweza kujificha macho ya kulungu na ukapunguza sauti, pua yake huidanganyi. Sabuni zisizonuka na dawa za kunyunyiza husaidia kidogo. Upepo ndio unaoamua. Chukua kichupa cha unga mwepesi, ukipulizie uone unakoelekea. Kama upepo unatoka kwako kwenda kwenye njia yao, siku hiyo kiti hicho hakikaliwi, hata kama ulipanga wiki nzima. Kumbuka vilevile kwamba asubuhi jua likipasha vilima hewa hupanda, na jioni ikipoa hutelemka bondeni na harufu yako.

Juu ya mti

Dungu la mtini, mita 5 au 6 juu, hukuondoa kwenye upeo wa macho yao. Pia ndilo linalowaumiza wawindaji wengi kuliko mshale au kisu. Vaa mkanda wa mwili mzima, na ujifunge kwenye kamba ya usalama kabla mguu haujaacha ardhi, si baada ya kufika juu. Wengi huanguka wakati wa kupanda, kushuka, na kuvuka kutoka ngazini kwenda kwenye dungu. Upinde na mkoba uvute kwa kamba baada ya kukaa na kujifunga, mishale ikiwa ndani ya podo. Kagua mikanda ya dungu kila mwaka. Jua na panya huila. Mwambie mtu nyumbani uko mti gani na utarudi saa ngapi, na simu iwe mfukoni mwilini, si ndani ya mkoba ulioning'inia. Anayeogopa urefu akae kwenye kibanda cha turubai ardhini. Hapotezi heshima yoyote.

Mwanzoni mwa msimu na mwishoni mwa vuli jihadhari na kupe, kwani huambukiza ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, nyunyiza nguo dawa ya permethrin siku moja kabla, na ukirudi jikague mwili mzima.

Kuachia mshale, au kutoachia

Mwelekeo wa mwili ndio kila kitu. Pande mbili tu zinafaa: akiwa amesimama ubavu, au akiwa amegeuka kidogo kukuacha. Akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kifua kutoka chini, nyuma tu ya bega. Akiwa amegeuka kukuacha, lenga ili mshale utokee kwenye bega la upande wa pili. Maana yake utaingia nyuma zaidi ya ulivyozoea. Akikutazama uso kwa uso, akija akikuelekea, akiwa chini kabisa ya dungu lako au amekupa mgongo: acha. Mifupa ya bega huzuia chembe, na utumbo hauui haraka.

Vuta upinde kichwa chake kikiwa nyuma ya mti au kimeinama. Ukiwa juu, inama kiunoni badala ya kushusha mkono tu, ili shavu na mkono vibaki mahali pake. Kama anatembea, mlio mdogo wa mdomo utamsimamisha. Akiwa tayari ameshtuka, shingo imenyooka na mguu unapiga chini, usiachie. Wengi hudhani kumwacha ni kupoteza siku. Mimi naona ndiko kuwinda kwenyewe, maana ni wewe pekee uliyejua wakati haujafika.

Kwa Waislamu: taja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (s.a.w.) aliruhusu kilichopigwa kwa makali na kukataza kilichouawa kwa ubapa, na akasema mnyama ukimkuta amekufa majini usimle, kwa kuwa hujui kama ni maji au mshale wako uliomuua. Si suala la nadharia huku, kwani kulungu aliyejeruhiwa tumboni mara nyingi huelekea kwenye maji. Kuhusu kumchinja akikutwa bado hai, zungumza na sheikh wako pamoja na ofisa wa wanyamapori kabla ya msimu, ili dini na sheria ya jimbo vyote uvijue mapema.

Baada ya mshale

Tulia ulipo. Kumbuka alisimama wapi, ulimpiga wapi, alikimbia akielekea mti gani, na uandike saa. Usishuke. Ngoja nusu saa hata kama umemwona akianguka. Ndipo uende kwa upole kuutafuta mshale, kwani una habari zote. Damu ya rangi ya waridi yenye mapovu ni mapafu: fuata, hayuko mbali. Damu nyekundu iliyoiva, nzito, ni ini: ondoka kimya, urudi zikishapita saa 4. Mshale wenye majimaji ya kijani au kahawia na harufu mbaya umepita tumboni au utumboni. Hapo rudi nyumbani, ungoje kwa muda wa saa 8 hadi 12. Mnyama wa hivyo asiposumbuliwa hulala karibu. Akifukuzwa hukimbia maili nzima bila kuacha tone.

Unapofuata, tembea pembeni mwa damu usiikanyage, weka kipande cha karatasi kwenye kila tone la mwisho, na ukipoteza njia rudi kwenye karatasi na uzunguke polepole. Angalia pia ubavuni mwa majani marefu, si chini tu. Akivuka mpaka wa shamba, omba ruhusa kwanza.

Ukimpata, mkaribie kwa nyuma na umguse jicho kwa ncha ya upinde. Lisipopepesa, amekufa. Kabla ya kumsogeza, mfunge lebo yenye jina lako, tarehe, saa na kaunti. Kisha toa taarifa kwa simu au programu ya idara. Muda wa kawaida ni adhuhuri ya siku inayofuata, na siku za mwisho za baadhi ya misimu huwa mapema zaidi. Ukiripoti jioni ileile hutakosea. Namba ya uthibitisho iandike kwenye lebo.

Nyama

Mpasue haraka, hasa Oktoba ambapo mchana bado una joto. Vaa glavu. Kata kuzunguka njia ya haja, kisha pasua tumbo makali yakitazama juu na vidole viwili vikiusukuma utumbo chini ili usiutoboe, wala kibofu. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, fika koromeo, vuta vyote vitoke. Mwinamishe damu imwagike. Jaza barafu kifuani kama joto limezidi nyuzi 10 za Selsiasi, na ufikishe nyama chini ya nyuzi 4 upesi iwezekanavyo.

Mwaka 2020 ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu ulionekana kwa mara ya kwanza kwa kulungu wa porini wa Ohio, kaunti ya Wyandot. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Ukiwinda kaunti zilizo chini ya uangalizi, mpeleke apimwe, fuata kanuni za kusafirisha mzoga, na popote pale usile ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu wala tezi.

Nyama hii haiuzwi. Hata kilo moja kwa jirani wa kanisani au msikitini ni kosa. Kumpa bure ni halali kabisa, na sisi kugawana kitoweo hatuhitaji kufundishwa.

Jikoni, kumbuka haina mafuta. Sarara na sehemu laini za paja zikatie mishkaki, loweka kwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu saa chache, choma kwa moto mkali bila kuikausha. Ondoa mafuta meupe ya kulungu mwenyewe, kwa sababu yakipoa huganda mdomoni. Muundi na bega vinataka mchuzi wa saa 3 kwa moto mdogo, pamoja na nyanya na nazi. Zinazobaki saga, uchanganye na mafuta kidogo ya ng'ombe kwa ajili ya sambusa, na kima hiyo uipike hadi ifike nyuzi 71 za Selsiasi ndani.